Steringi Hafi: Filamu ya Enter the Dragon na Shujaa wa Masimulizi Katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Mwaka 2023 filamu ya Enter the Dragon ilitimiza miaka 50. Umri huo si mkubwa kwa utenzi wala kwa ngano, lakini kwa filamu ya kibiashara ni mkubwa mno, kwani nyingi za rika lake zimekwisha kusahaulika. Katika mtaa wa Shirere, ukingoni mwa mji wa Kakamega, si ajabu kumkuta kijana ambaye wazazi wake walikuwa hawajazaliwa mwaka 1973, naye akakusimulia bila kusita pambano la mwisho katika chumba cha vioo, akitaja shujaa alijeruhiwa wapi na kwa nini alianza kuvivunja vioo hivyo. Huenda hamjui mwelekezi wa filamu wala mwandishi wa mswada wake. Anachokijua ni kisa, na anakijua kama watu wajuavyo ngano: kwa kukiona, kukisikia na kukisimulia.

Udumifu huu umeelezwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema kwamba siri yake ni ustadi wa mwili wa Bruce Lee, ambao haujapata mfano wake kwenye skrini. Wapo pia wanaouona kama zao la ubeberu wa kitamaduni: soko letu lilijazwa picha za kigeni, nasi tukazizoea kama mtu azoeavyo kasumba. Kila upande una chembe ya ukweli. Hata hivyo, maelezo ya kwanza hayatuambii kwa nini kisa hiki husimuliwa hata pale ambapo hakuna skrini, wala ya pili hayatuambii kwa nini mamia ya filamu zilizoletwa na soko lilelile hazikuacha hata jina.

Makala haya yanakusudia kutoa hoja ya tatu. Tunadai kwamba Enter the Dragon imedumu katika Afrika Mashariki kwa kuwa ilifika mahali ambapo tayari palikuwa na utaratibu wa kumsimulia shujaa, nayo ikasimuliwa upya kwa utaratibu huo. Kanuni kuu ya usomaji huo imehifadhiwa na hadhira katika maneno mawili ambayo hayakutungwa na mhakiki yeyote: steringi hafi. Neno steringi, linalotokana na maandishi ya Kiingereza yaliyotangulia majina ya waigizaji wakuu, lilipata katika vibanda vya video maana ya shujaa ambaye kisa kinamfuata hadi mwisho. Hivyo basi, katika maneno hayo mawili tuna istilahi na nadharia kwa pamoja.

Filamu na mazingira ya kuzuka kwake

Enter the Dragon ilielekezwa na Robert Clouse kwa mswada wa Michael Allin, na ilitokana na ushirikiano wa kampuni ya Warner Bros. ya Marekani na watayarishaji wa Hong Kong. Kabla yake Bruce Lee alikuwa amekwisha kujipatia sifa kubwa Asia kwa The Big Boss (1971), Fist of Fury (1972) na The Way of the Dragon (1972). Hii ya nne aliyoikamilisha akiwa nyota ndiyo iliyomfikisha katika kumbi za dunia nzima. Hakuishi kuyaona hayo. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na umri wa miaka 32, na filamu ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Los Angeles mwezi wa Agosti. Tutalirudia jambo hili, kwani ndilo fundo la mjadala wetu.

Kisa chenyewe ni chepesi kukumbuka. Lee, mwanafunzi wa hekalu la Shaolin, anaombwa na maafisa wa ujasusi wa Kiingereza ahudhurie mashindano yanayofanywa kila baada ya miaka mitatu katika kisiwa cha tajiri aitwaye Han, ili achunguze biashara yake ya dawa za kulevya na ya wanawake. Han naye aliwahi kuwa mwanafunzi wa Shaolin, akalisaliti hekalu. Zaidi ya hayo, dada yake Lee, Su Lin, alijiua alipozingirwa na watu wa Han wakiongozwa na O'Hara, akichagua kifo kuliko kunajisiwa. Pamoja na Lee wanafika Wamarekani wawili: Roper, mcheza kamari anayekimbia madeni, na Williams, Mwamerika mweusi aliyewapiga polisi wawili wa kizungu waliomsumbua njiani. Han anamwua Williams. Lee anamwua O'Hara ulingoni, wafungwa wanafunguliwa, na baada ya pambano la vioo Han anaishia kuchomwa na mkuki.

Njia iliyopitia filamu hii

Ili kuelewa jinsi kisa hiki kilivyopokewa, ni lazima tutazame kwanza njia iliyokileta. Katika miaka ya 1970 picha za Hong Kong zilifika Afrika Mashariki kupitia kumbi za sinema za mijini, wakati ambapo serikali zilikuwa zimeanza kushika usambazaji wa filamu. Kenya iliunda Kenya Film Corporation mwaka 1967, na Tanzania ikafuata kwa Tanzania Film Company mwaka 1968. Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures (2018), ameonyesha jinsi kwenda sinema kulivyokuwa sehemu ya maisha ya miji ya Tanzania, na jinsi watazamaji walivyozifasiri picha za kigeni kwa vigezo vyao wenyewe. May Joseph naye, katika Nomadic Identities (1999), amezihusisha picha za kung fu na maadili ya Ujamaa. Kwa kijana aliyehimizwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967 kujitegemea na kuishi bila anasa, mpiganaji asiye na kitu ila mwili wake na nidhamu yake alikuwa mfano uliosadifu wakati wake.

Hoja ya Joseph ni nzito, lakini haiwezi kuhamishwa ilivyo hadi Kakamega. Kenya ya miaka hiyo haikuwa na Ujamaa, na mtazamaji wa magharibi mwa Kenya hakuhitaji Azimio ili apendezwe na mtu asiye na kitu. Isitoshe, wengi wa watazamaji wa sehemu hizi hawakukutana na Bruce Lee katika ukumbi wa sinema wa miaka ya 1970. Walikutana naye katika miaka ya 1980 na 1990, katika vibanda vya video, mbele ya televisheni moja iliyozungukwa na mabenchi, kwa kanda iliyonakiliwa mara nyingi hata rangi zikafifia na sauti ikakwaruza. Maneno ya Kiingereza yalisikika kwa shida, na hata yaliposikika hayakueleweka na wote. Katika hali hiyo mtazamaji aliyekwisha kuiona picha aliwaeleza wenzake kinachoendelea na kinachokuja. Mara nyingi lugha ya maelezo hayo ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa mji hukusanya wasemaji wa lahaja mbalimbali za Kiluhya pamoja na wa lugha nyingine. Kwa hiyo, tangu mwanzo, filamu hii ilitufikia ikiwa imefungamana na sauti ya msimulizi.

Muundo wa kisa na mazoea ya hadhira

Msimulizi huyo hakupata shida kubwa, kwani muundo wa filamu ulikuwa umekaribiana mno na ule alioujua. Shujaa anaondoka nyumbani akiwa amebeba deni la ukoo na la mwalimu. Anavuka maji. Anafika katika himaya ya zimwi ambalo linakula watu kwa namna yake, na ambalo lina mkono wa chuma unaoweza kubadilishwa kuwa makucha. Anafungua wafungwa. Msomaji wa Vladimir Propp, aliyechambua ngano za Kirusi mwaka 1928, ataziona mara moja dhima zilizoorodheshwa na mtaalamu huyo. Lakini hata asiyemsoma Propp atakumbuka visa vya mazimwi alivyosimuliwa utotoni.

Kuna tukio moja dogo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Wakiwa majini kuelekea kisiwani, mshindani mmoja mwenye kiburi anamchokoza Lee na kumwuliza mtindo wake wa kupigana. Lee anamjibu kwamba mtindo wake ni wa kupigana bila kupigana, kisha anamshawishi waende katika kisiwa cha jirani kwa mashua ndogo wapate nafasi ya kutosha. Mchokozi anapotangulia kuingia, Lee anaiacha mashua ielee nyuma ya jahazi na kuwakabidhi kamba mabaharia ambao mtu huyo alikuwa akiwaonea. Hapa hatumwoni bingwa wa ngumi. Tunamwona Sungura, tunamwona Abunuwasi. Hadhira iliyolelewa kwa hekaya za wajanja inacheka kicheko inachokijua, na kuanzia hapo Lee ni mtu wa nyumbani. Ni shujaa aliyekusanya sifa ambazo katika fasihi yetu mara nyingi hugawanywa: nguvu za jagina na akili ya mjanja.

Aidha, Han haruhusu bunduki kisiwani mwake. Sharti hili la kimswada lina uzito mkubwa wa kifani, kwani linalazimisha kila mgogoro uamuliwe na miili miwili inayotazamana. Kwa mtu wa Kakamega hilo si jambo geni. Katika maeneo ya Isukha na Idakho mapigano ya fahali yana historia ndefu: fahali wana majina na sifa, hupelekwa uwanjani kwa ngoma za isukuti na nyimbo, na mshindwa ni yule anayegeuka na kukimbia. Watazamaji hawaji kuona damu. Wanakuja kuona nani atasimama, na kisha wanarudi nyumbani wakilisimulia pambano hilo kwa miezi. Mtu aliyezoea kusoma pambano la namna hiyo, akijua historia ya kila mshindani na jeraha lake la zamani, anapokaa mbele ya pambano la Lee na O'Hara hahitaji kufundishwa namna ya kulitazama.

Pia kuna suala la dola. Waingereza waliomtuma Lee hawamsaidii kwa lolote. Helikopta zao zinafika mwishoni, wakati maiti zimekwisha kutapakaa na wafungwa wamekwisha kujikomboa. Katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza huyohuyo, na ambazo wananchi wake wameendelea kuisubiri serikali ije baada ya msiba, mwisho huo haukuwa na haja ya kufafanuliwa.

Shujaa aliyekufa akiwa amesimama

Tufikie sasa fundo lenyewe. Hadhira ya Afrika Mashariki inashikilia kwamba steringi hafi, ilhali steringi wa filamu hii alikuwa amekwisha kufa kabla haijaonyeshwa popote. Watazamaji walilijua jambo hilo. Habari za kifo cha Bruce Lee zilisafiri pamoja na picha zake, zikafuatana na uvumi kwamba alipewa sumu, kwamba aliguswa kwa pigo la siri, au kwamba hakufa bali amejificha. Watengenezaji wa filamu nao waliufanya mtaji ukinzani huo. Waliibuka waigizaji waliojiita Bruce Li na Bruce Le, na katika Game of Death (1978) picha halisi za mazishi ya Lee ziliingizwa katika kisa cha mhusika anayejisingizia kufa.

Wahakiki wa Magharibi wameyaona hayo kuwa ulafi wa kibiashara, na hatuna haja ya kuwapinga. Lakini katika fasihi ya Kiswahili shujaa aliyekufa ambaye watu hawathubutu kumkaribia ana jina, naye ni Fumo Liyongo. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo anasalitiwa na mwanawe wa kumzaa, anayemchoma kwa sindano ya shaba kitovuni. Jagina anaamka, anachukua upinde na mishale yake, anakwenda hadi karibu na kisima, anapiga goti, anauvuta upinde na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanashindwa kuteka maji kwa hofu, wakidhani yu hai na amekasirika, na mama yake anakwenda kumbembeleza. Mwili wake unaendelea kufanya kazi ya ushujaa baada ya roho kutoka.

Hatudai kwamba mtazamaji wa kibanda cha Kakamega alikuwa ameusoma utenzi wa Kijumwa, ingawa kisa cha Liyongo kimefundishwa katika shule za Kenya kwa muda mrefu. Tunachodai ni kwamba utamaduni wa Kiswahili ulikuwa na nafasi iliyotayarishwa kwa kifo cha namna hii. Ndani ya utaratibu huo, maneno steringi hafi hayana ujinga wowote. Msemaji wake anajua vizuri kwamba binadamu hufa. Anachokitaja ni sheria ya utanzu: shujaa hubaki wima kwa kadiri masimulizi yanavyomshikilia. Bruce Lee wa Enter the Dragon, aliyekwisha kuzikwa na bado anavunja vioo kila mara kanda inaporudishwa nyuma, ni mfano safi wa sheria hiyo kuliko mwigizaji yeyote aliyeishi hadi uzeeni.

Msimulizi wa video na uhai wa pili wa matini

Kama masimulizi ndiyo yanayomshikilia shujaa, basi hatuna budi kuwatazama wasimulizi. Jijini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, sauti yake ikirekodiwa juu ya sauti ya asili na kanda hizo kusambazwa. Mtafiti Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hiyo, aliifananisha katika anwani ya makala yake na kuugeuza wali kuwa pilau. Nchini Kenya DJ Afro ametoka mbali na kazi ya namna hiyo, akisimulia picha za mapigano kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya mtaani, na diski zake zimefika vijiji ambavyo havijawahi kuwa na ukumbi wa sinema. Nchini Uganda kazi hiyo hufanywa kwa Kiganda katika vibanda vya Kampala na miji mingine.

Msimulizi wa video hatafsiri neno kwa neno. Anawapa wahusika majina mapya, anaeleza nia zao, anaongeza methali, anamkejeli adui, anatabiri kipigo kabla hakijatua, na pengine anamwonya shujaa kana kwamba anasikika. Kwa ufupi, anatenda yale ambayo Isidore Okpewho, katika The Epic in Africa (1979), ameyaeleza kuhusu mwimbaji wa tendi: anakiunda kisa mbele ya hadhira yake na kwa ajili yake. Hatuwezi kumshutumu kwa kuivunja matini asilia, kwani matini hiyo ilikuwa na sauti za kuazima tangu mwanzo. Sauti ya Han tunayoisikia katika Kiingereza si ya mwigizaji Shih Kien, bali ni ya Keye Luke. Msimulizi wetu amefanya kwa kina zaidi kile ambacho watengenezaji wenyewe walikianza.

Matunda ya usimulizi huo yanaonekana dhahiri mtaani Wakaliga, Kampala. Katika Who Killed Captain Alex? (2010), iliyoelekezwa na Isaac Nabwana kwa bajeti ndogo sana, ndugu wa kapteni aliyeuawa ni mtawa wa Shaolin wa Kiganda aitwaye Bruce U, naye amekuja kulipiza kisasi. Deni la damu la Lee limepewa mwenyeji mpya, na sauti ya msimulizi, VJ Emmie, imekuwa sehemu ya filamu yenyewe.

Mipaka ya mvuto huu

Mvuto huu una upande ambao mhakiki hapaswi kuufumbia macho. Su Lin ni mpiganaji hodari, na Angela Mao anayemwigiza alikuwa nyota kwa haki yake mwenyewe. Hata hivyo, kisa kinamtumia ili afe na kumpa kaka yake sababu ya kupigana. Kanuni kwamba steringi hafi inamlinda Lee na kumwacha dada yake nje ya ulinzi wake. Vilevile Williams, mtu mweusi wa pekee mwenye uzito katika kisa, ndiye anayeuawa kati ya wageni watatu wakuu. Ni yeye aliyetazama vibanda vya maskini juu ya maji ya Hong Kong akasema kwamba mitaa ya namna hiyo inafanana duniani kote. Hakupewa nafasi ya kufika mwisho na maarifa hayo. Mtazamaji Mwafrika aliyejifunza kumfuata Lee alijifunza pia kumwacha Williams njiani. Msimulizi wa video ana uwezo wa kuhoji mpango huo, na ni swali la utafiti kama amewahi kuutumia au ameuimarisha kwa kejeli zake.

Swali hilo haliwezi kujibiwa bila rekodi, na hapa ndipo penye hasara ya kweli. Kanda za VHS huota ukungu na utepe wake huchakaa. Diski hukwaruzwa na kutupwa. Usimulizi wa papo kwa papo, ambao haukurekodiwa kabisa, umekwenda na vibanda vyake. Idara zetu zimewatuma wanafunzi vijijini kukusanya ngano kutoka kwa wazee, na ni vyema ziendelee. Lakini mwanafunzi huyohuyo amepita mbele ya kibanda ambamo Kiswahili kilisimuliwa kwa saa nzima mbele ya hadhira iliyoitikia, asikione kuwa uwanja wa fasihi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba udumifu wa Enter the Dragon miongoni mwetu hautokani na ngumi pekee wala na nguvu ya soko pekee. Filamu ilileta kisa chenye mifupa iliyozoeleka, shujaa aliyechanganya nguvu na ujanja, na kifo kilichokuwa na nafasi tayari katika mawazo yetu kuhusu jagina. Hadhira na wasimulizi wakafanya kazi iliyobaki. Ikiwa hoja hii inakubalika, basi historia ya fasihi simulizi ya Kiswahili katika nusu ya pili ya karne ya 20 haiwezi kuandikwa bila kibanda cha video. Kazi ya kwanza ni ndogo na ya haraka: kila idara itafute kanda na diski zilizosimuliwa ambazo bado ziko majumbani, izinakili, na iwahoji wasimulizi na watazamaji wao walio hai. Kakamega panatosha kwa kuanzia.